Chakula cha Msafiri: Kipi Kimo Katika Nauli, na Kipi Hakimo?

Msafiri ni mtu dhaifu, hata akiwa tajiri. Nyumbani kwake akiona bei ya duka moja ni ghali huvuka njia akaingia duka la pili. Na akikosa huko, hurudi jikoni mwake akala kiporo. Safarini hana njia ya kuvuka wala jiko la kurudia. Aliyemo chomboni baharini, au katika basi lililosimama mahali pamoja kwa dakika ishirini, hula kinachouzwa hapo kwa bei iliyopangwa hapo, au hukaa na njaa. Dini yetu imeujua udhaifu huu tangu mwanzo. Katika Suratut Tawba msafiri aliyeishiwa njiani ametajwa miongoni mwa watu wanane wanaostahiki zaka, ingawa huko kwao aweza kuwa na mashamba na majumba.

Kwa sababu hiyo twaona inafaa, ndugu wasomaji, kulitazama jambo ambalo wengi hulihesabu kuwa dogo: chakula cha msafiri, kipi kimo katika nauli yake na kipi hakimo, na ni nani yampasa kumweleza kabla hajatia tonge kinywani.

MPAKANI HOROHORO

Watu wa Tanga hawana haja ya kwenda mbali kuliona jambo hili. Horohoro, katika wilaya ya Mkinga, ndipo njia ya Tanga kwenda Mombasa inapokata mpaka. Ng'ambo yake ni Lunga Lunga, katika Kaunti ya Kwale. Njia ya lami kutoka Tanga mpaka hapo, kiasi cha kilomita 65, ilijengwa kwa msaada wa Marekani uliotiwa saini mwaka 2008, na mwendo umekuwa mwepesi. Lakini msafiri hana budi kushuka mpakani akagongewa hati yake, na hapo ndipo njaa na kiu humkumbuka.

Mahali hapo pana shilingi mbili zenye jina moja. Shilingi moja ya Kenya hununuliwa kwa shilingi nyingi za Tanzania. Basi muuzaji wa chai akisema "mia", bila kusema ni mia ya wapi, amesema neno lenye maana mbili zilizo mbali kabisa. Mwenyeji hufahamu mara moja. Mama aliyetoka Korogwe na watoto watatu, ambaye hajavuka mpaka maisha yake, hafahamu; na hujua maana ya neno lile baada ya watoto kwisha kula.

Tutazame na basi lenyewe. Mabasi mengi ya safari ndefu katika Tanzania humpa abiria chupa ya maji, soda na biskuti, na watu husema kwamba ni vya bure. Si vya bure. Mwenye basi amekwisha kuvihesabu katika nauli kama alivyohesabu mafuta na matairi. Kwa hiyo abiria aliyerukwa asione haya kudai soda yake. Haombi sadaka, adai haki yake aliyoilipia.

Hali kadhalika hoteli za njiani. Ni jambo lijulikanalo kwamba katika nyingi za hoteli hizo dereva na kondakta hula bila kulipa, kwa kuwa wamewaleta wateja. Nani basi amelipa sahani yao? Wamelipa abiria, kila mmoja kidogo, katika bei ya wali wake. Hatusemi kwamba kumkirimu dereva ni dhambi. Mtu aliyeshika usukani tangu alfajiri astahili kula vizuri. Lakini dereva akiacha mahali penye chakula kizuri cha bei nafuu, akawapeleka abiria mahali ghali kwa sababu hapo yeye hupewa nyama, amewauza watu arobaini kwa sahani moja ya pilau.

Na asifikiri mtu kwamba "bure" ya kweli haipo. Aendaye Mombasa kwa njia hii, akifika Likoni, huvuka kwa feri bila kulipa kitu akiwa kwa miguu, na magari hulipa. Hapo mambo ni wazi: kila mtu ajua nani halipi, na nani alipa. Uwazi huo ndio tuutakao katika chakula.

WAGENI WA ZAMANI KATIKA PWANI YETU

Mwaka 1331 mwanachuoni wa Morocco, Ibn Battuta, alipita katika pwani hii kwenda Kilwa, na aliyoyaandika yana faida katika maneno yetu. Alipofika Mogadishu alikuta dasturi ya ajabu. Meli ikitia nanga, vijana wa mji huiendea kwa mashua ndogo, kila mmoja amechukua sahani ya chakula iliyofunikwa. Kijana humpa sahani mfanyabiashara mmoja na kutangaza kuwa huyu ni mgeni wake. Na tangu hapo mgeni hukaa katika nyumba ya mwenyeji huyo, ambaye humuuzia bidhaa zake na kumnunulia anachotaka.

Yeye Ibn Battuta, kwa kuwa ni mtu wa elimu, alikuwa mgeni wa mtawala. Aliletewa wali uliopikwa kwa samli, na juu yake kitoweo cha kuku, nyama, samaki na mboga. Ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa. Na maziwa ya mgando pamoja na achari ya ndimu na pilipili, tangawizi mbichi na maembe. Chakula kililetwa mara tatu kila siku, kwa siku tatu. Na siku tatu ndizo alizotufundisha Mtume (S.A.W.) kuwa ni haki ya mgeni, zinazozidi ni sadaka, na mgeni naye asikae hata akamtia mwenyeji wake katika dhiki. Kisha akaendelea mpaka Mombasa, akalala usiku mmoja, akaona kwamba watu wake hula zaidi ndizi na samaki, na nafaka huletewa kutoka bara ya pwani.

Sasa tufikiri. Sahani ile ya Mogadishu ilikuwa ya bure? Kwa mkono ilikuwa ya bure, lakini ilifungua mlango wa biashara, na mwenyeji alipata faida yake. Tofauti ni kwamba kila mtu aliijua dasturi, na dasturi ilimlinda mgeni. Ibn Battuta ameeleza kuwa aliyenunua kwa mgeni kwa bei ya kumpunja, au aliyefanya naye biashara pasipo mwenyeji wake kuwapo, biashara yake ilihesabiwa kuwa batili. Sahani ya chakula ilikuwa pia ni dhamana.

Na mabaharia nao walikuwa na hesabu yao. Katika majahazi ya Ghuba yaliyokuwa yakija Mombasa na Unguja kwa kaskazi, baharia hakuwa na mshahara wa mwezi, alikuwa na hisa. Alan Villiers, baharia wa Australia aliyesafiri katika jahazi la Kuwait mpaka Unguja na Rufiji katika msimu wa 1938 na 1939, ameandika mengi juu ya maisha yao. Wali na samaki vilipakuliwa katika sinia moja na hakuna aliyedaiwa senti; lakini mwisho wa safari gharama ya chakula ilitolewa kwanza katika mapato, ndipo kilichobaki kikagawanywa baina ya mwenye chombo na watu wake. Kila tonge lilikuwa limetoka katika hisa, na kila baharia alijua hivyo kabla ya tanga kupandishwa.

MELI ZA WATALII ZA LEO

Leo, katika miezi ile ile ya kaskazi, bandari za Mombasa na Unguja hupokea vyombo vya namna nyingine: meli za watalii, kubwa kama mitaa, zenye kuchukua watu kwa maelfu. Wapo jamaa zetu walioko Ulaya, Marekani na Ghuba ambao sasa husafiri katika meli kama hizo pamoja na watoto wao, na wapo vijana wa pwani wanaoajiriwa humo jikoni na mezani. Yafaa kujua hesabu yake.

Nauli ya meli hizo huchukua chumba, ukumbi mkuu wa chakula, na meza kubwa ya kujipakulia ambayo huwa wazi karibu mchana kutwa. Maji ya bomba, chai na kahawa ya kawaida havilipiwi. Kinachowachanganya watu ni vyakula vyepesi vya hapa na pale, baina ya mlo na mlo. Katika meli nyingi za Carnival, mathalan, mkate wa nyama katika banda la Guy's Burger Joint umo katika nauli. Katika meli za Royal Caribbean piza ya Sorrento's imo katika nauli, lakini aketiye Johnny Rockets hulipa, na kahawa ya Starbucks hulipiwa. Soda hulipiwa katika meli nyingi, lakini katika meli za Disney hutolewa pamoja na chakula bila malipo. Mabanda haya hukaa jirani, yamepambwa sawasawa, na mtoto hawezi kuyatofautisha.

Tena humo hakuna kutoa fedha mfukoni. Abiria huonyesha kadi ya chumba chake, na deni huandikwa. Juu ya bei ya kinywaji huongezwa malipo ya utumishi, mara nyingi asilimia 18 au zaidi. Mkono usiohesabu noti hausikii uzito wake. Uzito huja siku ya mwisho, karatasi ya hesabu inapotolewa.

Iko pia biashara ya kulipia vinywaji kwa jumla, kila siku kiasi fulani, unywe usinywe. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba malipo ni dola 30 kwa siku na kahawa moja ni dola 5. Basi yakupasa unywe vikombe sita kila siku ndipo usipate khasara, na siku ambayo umeshuka bandarini kutembea huihesabu vilevile. Mwislamu azingatie jambo jingine: katika baadhi ya makampuni, mtu mzima mmoja akinunua mpango wenye pombe, watu wazima wengine wa chumba chake hulazimishwa kuununua pia. Upo mpango mwingine usio na pombe, nao una bei ndogo zaidi. Lakini ni juu yako kuuliza.

Kwa nini hufanywa hivi? Katika hesabu ambazo makampuni makubwa hutangaza kwa wenye hisa, kiasi cha thuluthi ya mapato hayatoki katika tikiti, bali katika vinavyouzwa chomboni na mambo mengine yasiyo nauli: vinywaji, kamari, matembezi ya bandarini na mfano wa hayo. Nauli hufanywa ndogo ili uvutike. Kinachobaki utakilipa ukiwa tayari baharini, mahali ambapo hakuna duka la pili.

YATUPASAYO

Ndugu wasomaji, sheria yetu imekataza biashara yenye gharari, yaani ile ambayo mmoja hajui anachonunua au anachokilipa. Kuuza ghali kwa ridhaa ni jambo moja. Kumwacha mtu ale kisha umtajie bei ni jambo jingine. Aliyekwisha kula hana khiyari tena.

Kwa wauzaji wa Horohoro, na wa kila mahali ambapo wasafiri hushuka, shauri letu ni jepesi: ubao mmoja na chaki. Bei iandikwe kwa shilingi za Tanzania na kwa shilingi za Kenya, mahali panaposomeka kabla ya kuagiza. Gharama yake ni ndogo kuliko sahani moja ya wali, na baraka yake ni kwamba mgeni atarudi.

Kwa msafiri, kwanza aulize kabla ya kukaa, na asione haya mbele ya watu. Aibu ya kuuliza ni ya dakika moja, na aibu ya kukosa cha kulipa mbele ya watoto wako haisahauliki. Pili, achukue kikapu chake. Mama zetu waliofunga mahamri na samaki wa kukaanga katika kitambaa hawakuwa washamba. Walikuwa watu wanaojua hesabu. Tatu, asidhani kuwa cha bure ni halali kwa kuwa ni cha bure. Katika meza ya kujipakulia nyama ya nguruwe hukaa karibu na viazi, na huenda mafuta ya kukaangia yakawa mamoja. Aulize. Nne, asijaze sahani kwa tamaa ya kurudisha nauli yake. Mwenyezi Mungu ametuhalalishia kula na kunywa, na pamoja na hayo ametukataza israfu. Wala hakutuambia kuwa israfu yafaa ikiwa chakula kimekwisha kulipiwa.

Na vijana wetu wanaohudumu katika vyombo hivyo wakumbuke kuwa abiria anayeuliza, "Hiki chalipiwa?" amewaweka katika amana. Huenda bakshishi yao itapungua kwa jibu la kweli. Waseme kweli.

Watu wa Mogadishu walimpelekea mgeni sahani iliyofunikwa, lakini sharti zake hawakuzifunika. Sisi leo twamwekea mgeni sahani iliyo wazi, na mara nyingi bei ndiyo tunayoifunika. Tuifunue.

Wabillahi tawfiq.