Mfuniko Si Sufuria: Kupima Jotoardhi Kabla ya Kuchoronga

Mvuke unaofuka miambani Olkaria, karibu na Naivasha, humshawishi mtazamaji kwamba kisima cha jotoardhi kichorongwe papo hapo. Ni ushauri wa hatari. Maji ya moto hupanda kwa kufuata nyufa, na nyufa hazisimami wima. Mvuke unaweza kutokeza mbali na kiini cha joto. Kisima kimoja hushuka kilomita mbili hata tatu na kumeza mamilioni ya dola, na kikitoka baridi fedha hizo zimekwenda. Ndiyo maana wanajiofizikia hutangulia mtambo wa kuchoronga.

Kipimo wanachokitegemea zaidi ni cha ukinzani wa umeme, yaani jinsi miamba inavyouzuia umeme kupita. Hutumia mawimbi ya asili yanayotokana na radi za mbali na upepo wa jua, ambayo hupenya hadi kilomita kadhaa ardhini. Wengi hudhani kwamba panapopitisha umeme vizuri ndipo penye hazina. Katika maeneo mengi ya volkano mambo ni kinyume. Maji ya moto huugeuza mwamba kuwa mfinyanzi, na ule unaoumbika kwenye joto lisilofika nyuzi 200 hivi hupitisha umeme kwa wepesi. Joto likizidi nyuzi 230 hivi, mahali pake huchukuliwa na kloriti na epidoti, madini yasiyoupitisha sana. Kwa hiyo hifadhi yenyewe aghalabu imo chini ya mfinyanzi, pale ukinzani unapoanza kupanda tena. Kinachoonekana wazi kwenye ramani ni mfuniko tu, si sufuria.

Tena mfinyanzi hausahau. Eneo likipoa, madini yale hubaki, na ramani huonyesha sura ileile ya zamani. Ukinzani peke yake huthibitisha kwamba palikuwa na moto, haukuambii kama ungalipo. Lazima usomwe pamoja na mitetemeko midogo inayofichua nyufa zilizo hai, na kemia ya gesi inayokadiria joto la kule chini.

Mtu atasema: kama vipimo hudanganya, tuchoronge tu. Huko Eburru, eneo jingine la jotoardhi, visima sita vilichorongwa kati ya 1989 na 1991, na mtambo uliokuja kujengwa ni wa megawati 2.5 tu. Kisima nacho ni kipimo, tena ghali kuliko vyote, na hueleza habari za tundu lake tu. Vipimo vya juu havimwahidi mtu mvuke. Huondoa sehemu mbaya kabla hazijalipiwa.

Wala kazi yao haiishi umeme ukianza kuwaka. Olkaria imezalisha tangu 1981, na uvutano wa ardhi yake umekuwa ukipimwa kwa kurudiarudia. Ukipungua baada ya kusahihishwa kwa kudidimia kwa ardhi, maana yake maji yanayotolewa yanazidi yanayorudi, na hapo ndipo huamuliwa ni wapi pa kuyarudishia.