Kempa Mpakani: Mambo ya Kukagua Kabla ya Kulipa

Anayenunua gari la kulala, yaani kempa, mara nyingi huanza kwa kukagua kitanda, sinki na makabati. Vitu hivyo seremala mzuri wa Tororo au Mbale anaweza kuving'oa na kuweka vingine. Chasi, injini na uzito ambao gari limeruhusiwa kubeba havibadiliki kirahisi, na ndivyo vinavyopaswa kukaguliwa kwanza.

Kwa mtu wa Mukuju, mwenye barabara ya Mbale mlangoni na mpaka wa Malaba karibu, ningependekeza kempa ya Kijapani iliyojengwa juu ya Toyota HiAce, au Camroad, ambayo msingi wake ni lori dogo la Dyna. Usukani uko kulia. HiAce ndiyo matatu ya Kenya na teksi ya Uganda, kwa hiyo mafundi na vipuri vyake hupatikana karibu kila mji. Kempa mpya za Ulaya zina mwonekano wa kuvutia, lakini injini zake za dizeli za kiwango cha Euro 6 zimeundwa kwa mafuta yasiyozidi sehemu 10 za salfa kwa milioni. Afrika Mashariki ilianza kutumia dizeli ya sehemu 50 mwaka 2015. Chujio la moshi likiziba safarini Karamoja, utavutwa kwa kamba. Injini hizo pia hutumia kimiminika cha urea kiitwacho AdBlue, na kikiisha, gari ukilizima haliwaki tena.

Kempa ya Kijapani nayo ina mtego wake. Vifaa vyake vya umeme wa nyumbani ni vya volti 100, nasi tunatumia 240. Ukiuchomeka waya wake kwenye soketi ya nyumba ya wageni bila transfoma, utaunguza chaja, na pengine mikrowevu pia. Taa, pampu ya maji na friji nyingi za kempa hutumia volti 12 za betri, na hizo hazina shida. Hapa jua linatupendelea: kwa kuwa tuko karibu na ikweta, paneli ya sola iliyolala bapa juu ya paa hufanya kazi vizuri mwaka mzima. Ila betri ya asidi ya Ah 100 itumie nusu tu, la sivyo itakufa mapema. Ya lithiamu inastahimili kutumiwa zaidi, ndiyo maana bei yake ni kubwa.

Uzito ndio unaopuuzwa kuliko yote. Tuseme kibao cha gari kinasema mwisho ni kilo 3,500, na gari likiwa tupu lina kilo 3,050. Zimebaki 450. Watu wanne wa kilo 70 wamechukua 280, na lita 100 za maji zimechukua 100. Kilo 70 zilizosalia ndizo za chakula, nguo, mtungi wa gesi, viti na majerikeni. Ukizidisha, springi zinalegea, breki zinachelewa na tairi zinapasuka kwenye joto. Usijaze tangi la maji ukiwa Mukuju kwa safari ya Soroti, jaza ukifika.

Choo cha kempa kimwagwe kwenye choo cha shimo, kwa ruhusa ya mwenyewe. Kisimwagwe bwawani wala mtoni kamwe: maji ya mto Malaba huingia Mpologoma na kwenda hadi ziwa Kyoga, na njiani kuna watu wanaoyachota.

Kuhusu makaratasi, Kenya haipokei gari lililotumika la zaidi ya miaka 8, na Uganda ilipiga marufuku kuingiza ya miaka 15 au zaidi kwa sheria ya 2018. Wapo wanaoona tofauti hiyo ni mwanya: nunua la zamani, lisajili Tororo, liishi Busia ya Kenya. Usijaribu. Gari la kigeni huvuka kwa kibali cha muda, na muda ukipita unadaiwa ushuru na faini. Kuvuka kihalali si kazi ngumu, kwa sababu Malaba na Busia ni vituo vya pamoja na unakaguliwa upande unaoingia tu. Beba kitabu cha gari, barua ya mwenye gari kama si lako, na Kadi ya Njano ya COMESA, ambayo hata Tanzania huitambua ingawa ilijitoa COMESA mwaka 2000. Kadi hiyo hulipia madhara kwa watu wengine. Kempa yako yenyewe inahitaji bima kubwa, na bima ya kawaida ya gari huenda isihesabu friji, sola na vitanda, kwa hiyo viorodheshe kwa maandishi.

Kabla hujatoa pesa, lipeleke gari kwenye mizani ya wafanyabiashara wa nafaka, kisha mwambie muuzaji akuwashie pampu, friji na jiko kwa wakati mmoja kwa saa nzima. Akikataa, tafuta muuzaji mwingine.