Harusi Eldoret: Mlipe kwa Awamu, Ulale Usingizi

Saa mbili asubuhi, Jumamosi ya Desemba, mtaa wa Kapsoya. Wageni 200 wanakuja saa nne, na uwanjani hakuna hata hema moja. Binamu yangu anampigia mwenye hema: simu imezimwa. Alikuwa amemlipa shilingi 60,000 zote tangu Septemba, kwa nambari ya kibinafsi, kwa sababu aliambiwa, "Ukimaliza zote sasa, nakupunguzia."

Pesa hizo mama yake alizipata kwa kuuza mtamba. Harusi ilifanyika, ndiyo, kwa hema la kuazima kanisani. Lakini mtamba hakurudi.

Kama unapanga yako, soma haya kabla hujatuma hata shilingi.

Anza na wageni, si keki

Chakula, viti na hema vyote hufuata idadi ya watu. Tuseme sahani moja ni shilingi 500. Wageni 200 ni shilingi 100,000. Wageni 140 ni shilingi 70,000. Umeokoa 30,000 kabla hujabishana bei na mtu yeyote.

Panga bajeti kwa pesa iliyoingia, si ahadi za kamati. Kwenye grupu la WhatsApp kila mtu ni mkarimu. Siku ya kutoa, kimya. Na utenge asilimia 10 ya dharura, haikosi kazi.

Tarehe nayo ina bei

Huku Uasin Gishu mahindi huvunwa sana Oktoba na Novemba. Ikifika Desemba watu wana hela, watoto wako nyumbani, na kila mpishi na mpiga picha anagombaniwa. Agosti pia ni likizo, lakini mvua ya Eldoret si mchezo: utahitaji hema lenye kuta na mahali ambapo magari hayatakwama. Uliza bei ya Februari, au ya Ijumaa badala ya Jumamosi. Tofauti yake inaweza kulipa karo ya mtoto.

Nenda ukaone kwa macho

Picha za mtandaoni si ushahidi. Mtu anaweza kuchukua za mwenzake. Omba majina ya watu wawili aliowahudumia karibuni, uwapigie. Nenda uliguse hema. Onja pilau.

Chukua bei tatu zilizoandikwa, kisha uulize: usafiri umo? Kufunga na kufungua hema je? Wahudumu na sahani? Mpiga picha wa Nairobi anaweza kuonekana rahisi, mpaka uongeze nauli na mahali pa kulala. Na si kila kitu ni cha kununua. Kama shangazi zako wanajua mursik na chapati, kazi hiyo ni yao, na watafurahi kuombwa.

Pesa iliyobaki ndiyo inayomleta mtu

Hapa ndipo binamu yangu alipoteleza. Kwa hema la shilingi 60,000 angeweza kulipa hivi:

- arbuni ya shilingi 18,000 siku ya kukubaliana;
- shilingi 24,000 wiki moja kabla ya harusi;
- shilingi 18,000 hema likishasimama.

Mpiga picha naye, bakisha kiasi mpaka upokee picha zako. Anayekataa awamu kabisa, mshukuru na uende kwa mwingine.

Lipa kwa till au Paybill ya biashara. Kabla ya kukamilisha malipo, soma jina linalotokea. Kama halilingani na lile lililo kwenye makubaliano, simama kwanza, uliza. Ukitumia M-Pesa, kumbuka pia kwamba muamala mmoja hauzidi shilingi 250,000, na kwa siku ni shilingi 500,000. Usingoje asubuhi ya harusi ndipo ugundue.

Michango nayo iingie kwa nambari moja tu, isiyo ya kununulia sukari na mkate. Mweka hazina aweke taarifa ya miamala kwenye grupu kila wiki. Hivyo hakuna wa kunong'ona.

Usifute ujumbe

Wengi hudhani pesa yoyote inaweza kurudishwa. Huduma ya kurejesha ni ya aliyekosea nambari: kwa M-Pesa, unatuma ule ujumbe wa muamala kwa 456 mara moja, kabla pesa haijatumika. Haikusudiwi kutatua ugomvi na mtu uliyemlipa kwa hiari halafu akakosa kufika.

Kwa huyo kuna Mahakama ya Madai Madogo. Inasikiliza madai ya hadi shilingi milioni moja, unaweza kujiwakilisha bila wakili, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Lakini utaulizwa ushahidi. Ujumbe wa malipo, makubaliano yaliyoandikwa, hata mazungumzo yenu ya WhatsApp, vyote vitunze. Binamu yangu alikuwa amefuta ujumbe wake ili simu ipate nafasi ya picha za harusi.

Mdogo wake anaoa Aprili. Juzi tulienda naye kuangalia hema, tukaandikiana, akalipa arbuni kwa till na jina likasoma sawa. Mama aliuliza swali moja tu: "Bado mna deni lake?" Tukamwambia ndiyo. Akasema, "Basi atakuja."