Gute ya mtoto shuleni: kiazi na sambaza kuliko biskuti

Saa moja ya asubuhi mjini Bukavu, mtoto wa shule ya maternele anatoka nyumbani. Shati jeupe, kaptula ya bluu, mkoba mgongoni, na mkononi noti ya franka 500 ya kununua biskuti kwa wamama wanaouza kando ya shule. Mzazi ana haraka, mtoto anafurahi. Lakini saa nne, wakati wa mapumziko, tumbo linajazwa sukari na unga mweupe. Muda si mrefu njaa inarudi, na mtoto hamsikilizi tena mwalimu.

Jambo hili si dogo. Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa mwaka 2013-2014 ulionyesha kuwa asilimia 43 ya watoto wa chini ya miaka 5 nchini DRC wamedumaa. Katika mikoa ya Kivu zote mbili, walikuwa zaidi ya nusu. Mtoto aliyedumaa hakosi urefu tu: hata akili yake inachelewa kukomaa. Na tangu benki zilipofungwa Goma na Bukavu mwanzoni mwa 2025, pesa imekuwa adimu nyumbani. Kila franka inapaswa kununua kitu kinachojenga mwili.

Dawa iko sokoni kwetu. Bibi zetu walifunga viazi vya kuchemsha ndani ya jani la ndizi, wakaongeza karanga, na mtoto akashiba. Leo bakuli lenye mfuniko linatosha.

Siku moja, weka viazi vitamu na sambaza za kukaanga. Kiazi chenye nyama ya rangi ya machungwa kina vitamini A, inayolinda macho. Sambaza, samaki walioletwa Ziwa Kivu kutoka Tanganyika miaka zaidi ya sitini iliyopita, huliwa pamoja na mifupa yao, kwa hiyo humpa mtoto protini na kalsiamu.

Siku nyingine, ndizi za kupika na maharage. Kesho yake, muhogo mtamu uliochemshwa vizuri na karanga za kusaga, kwa sababu muhogo peke yake unashibisha bila kujenga. Lengalenga kidogo yenye mafuta ya mawese inafaa pia. Mtoto asiyependa kutafuna asubuhi, mpe nyumbani uji wa masoso, yaani mahindi, soya na mtama, kisha mfungie yai. Ongeza tunda: papai, avoka, chungwa au marakuja. Chungwa linasaidia mwili kupokea madini ya chuma yaliyo ndani ya maharage na mboga, chai inayazuia. Badala ya chai, mpe maji yaliyochemshwa.

Lakini kuna mambo ya kuangalia. Karanga nzima zinaweza kumkaba mtoto mdogo: zisage. Zenye ukungu zitupwe, maana sumu yake haiishi kwa kukaanga. Sambaza za mtoto wa miaka miwili au mitatu zipondwe. Chakula chenye mchuzi kipikwe asubuhi hiyo, au cha jana kipashwe moto hadi kichemke, kisha kiliwe wakati wa mapumziko. Kikibaki, kisihifadhiwe hadi jioni. Na mtoto anawe mikono kwa sabuni kabla ya kula, maana kipindupindu hakijatoka mikoani mwetu.

Kinachobaki ni haya. Watoto wengine huwacheka wenzao wenye viazi, wakiviita chakula cha kijijini, na mzazi anaona afadhali biskuti kuliko mwanawe kuaibika. Hapo mwalimu anaweza kusaidia sana, akifungua naye bakuli lake la viazi mbele ya darasa. Mzazi naye aanze na siku mbili kwa juma, na amwache mtoto achague: kiazi au ndizi? Alichochagua mwenyewe hatakificha mkobani.