Kijana wetu anataka kuwa askari wa nchi nyingine: tumwambie nini?

Siku moja baada ya ibada mama mmoja wa kusanyiko letu alitungoja mlangoni na bahasha mkononi. Mtoto wake ana diploma ya Serikali, lakini tangu miaka mitatu hana kazi. Sasa alikuwa amepata mtu wa kumwingiza katika jeshi la Ufaransa. Nusu ya pesa walikuwa wamekwisha kutoa. Nusu iliyobaki ilikuwa ndani ya bahasha, bei ya shamba lao. Mama hakutuuliza kama habari hiyo ni ya kweli. Alituomba tu tuiombee bahasha.

Tulimwambia arudi nayo nyumbani, na mtoto aje tuongee. Tangu siku ile tumesikia maswali kama hayo kwa watu wengi, hata kwa ndugu zetu walio kambini na wale waliohamia Marekani. Ndiyo maana tumeona vema kueleza jambo hili. Kijana asiyejua hudanganywa, na mzazi asiyejua hulipa.

Askari mgeni si mamluki

Nchi fulani zina sheria inayoruhusu mgeni kuandikishwa katika jeshi lao. Anavaa mavazi ya jeshi lile, analipwa mshahara, na anahukumiwa kwa sheria zake. Mamluki ni mtu mwingine. Yeye anapigana kwa ajili ya faida, wala hayumo katika jeshi la nchi yoyote inayopigana vita ile. Protokoli ya mwaka 1977 iliyoongezwa kwenye Mapatano ya Geneva inasema mamluki hana haki ya kutendewa kama mfungwa wa vita.

Hapa kwetu tunawajua mamluki. Wazee wa Bukavu wanakumbuka mwaka 1967, Jean Schramme na watu wake walipoukalia mji kuanzia Agosti mpaka mwanzo wa Novemba. Watu wa Goma nao waliwaona Waromania wakivushwa mpaka kuingia Rwanda, Januari 2025.

Njia ya Ufaransa

Jeshi ambalo vijana wetu wanalitaja sana ni Légion étrangère. Lilianzishwa na mfalme Louis-Philippe mwaka 1831, ili wageni wapate kuitumikia Ufaransa. Wazazi wetu walilisikia Mei 1978, askari wake waliporuka kwa parashuti juu ya Kolwezi.

Jeshi hilo linapokea wanaume tu, wenye umri wa miaka 17 na nusu mpaka 39 na nusu. Si lazima mtu ajue Kifaransa siku ya kwanza. Lakini ni lazima afike mwenyewe mlangoni pao, ndani ya Ufaransa, akiwa na pasipoti yake. Hawaandikishi mtu Bukavu, Bujumbura wala Kampala. Hawatoi viza wala tiketi ya ndege, na hawaombi hata franka moja ya kuandikishwa. Kwa hiyo mtu anayekuuzia nafasi katika jeshi hilo anakuuzia kitu ambacho si chake.

Anayefika hupimwa mwili, akili na maisha yake ya zamani, na wengi hurudishwa. Anayekubaliwa hutia sahihi mkataba wa miaka mitano. Huandikwa kama mseja, hata kama ana mke nyumbani. Wachungaji tulitie moyoni jambo hilo, kwa sababu mke aliyebaki ni kondoo wetu. Baada ya miaka mitatu ya utumishi anaweza kuomba uraia. Na sheria ya mwaka 1999 inamfungulia njia ya uraia yule aliyejeruhiwa vitani, hata kabla ya wakati huo.

Njia ya Marekani

Ndugu zetu waliopelekwa Marekani kama wakimbizi huomba kadi ya ukaaji wa kudumu baada ya mwaka mmoja. Mwenye kadi hiyo anaweza kuandikishwa jeshini hata kama si raia. Anahitaji kujua Kiingereza na kuwa amemaliza masomo ya sekondari. Hawezi kuwa ofisa, na kazi zenye siri za nchi zimefungwa kwake mpaka awe raia.

Utumishi unaharakisha uraia, lakini uraia hauji wenyewe. Lazima auombe na kumaliza makaratasi. Wako watu waliolitumikia jeshi la Marekani, wasimalize makaratasi hayo, halafu wakapatikana na kosa mahakamani na kufukuzwa nchini.

Njia ya udanganyifu

Tangu vita vya Ukraine vilipopamba moto mwaka 2022, Urusi imeandikisha wageni na kuwaahidi pesa nyingi na uraia wa haraka. Mwaka 2025 serikali za Kenya na Afrika ya Kusini zilisema wazi kwamba raia wao walijikuta katika vita hiyo, wengine wakiwa wameahidiwa kazi ya kawaida. Mkataba ulioandikwa kwa lugha usiyoisoma usiutie sahihi.

Liko jambo lingine ambalo watu wachache hulisema. Katiba yetu ya mwaka 2006 inasema uraia wa Kongo ni mmoja, hauchanganywi na mwingine. Anayepata uraia wa nchi nyingine kwa njia ya jeshi ajue kwamba mbele ya sheria yetu anaacha kuwa Mkongomani.

Neno la Mungu linatuonyesha nini?

Makanisa hayafikiri sawa juu ya silaha. Wengine wanasema mwamini asiishike kabisa. Wengine wanakumbusha kwamba Yohana Mbatizaji hakuwaambia askari waache kazi, bali wasimnyang'anye mtu, na kwamba Kornelio alikuwa askari siku alipopokea Roho Mtakatifu. Hatutamaliza mabishano hayo leo. Lakini juu ya mgeni katika jeshi la wengine, Biblia ina mengi.

Tusome 2 Samweli 15. Daudi anamkimbia Absalomu, na Itai Mgiti anamfuata pamoja na watu wake. Itai ni mgeni, amefika karibuni tu. Daudi anamwambia arudi, kwa kuwa yeye mwenyewe hajui aendako. Ndipo Itai anaapa kubaki naye, kwa kufa au kwa kupona. Tuone jinsi Daudi alivyomtendea mgeni huyu: alimweleza hatari na kumfungulia mlango wa kurudi, kabla ya kumkubali.

Lakini huyu Daudi alikuwa na mgeni mwingine katika jeshi lake, Uria Mhiti, mwaminifu kuliko wenyeji. Akamtuma na barua ya kifo chake mwenyewe mkononi. Uaminifu wa askari haumlindi na dhambi ya wakubwa wake.

Na Daudi mwenyewe alipokuwa mkimbizi kwa Akishi, mfalme wa Gathi, alibaki kidogo tu aende vitani juu ya Israeli, watu wake. Wakuu wa Wafilisti ndio waliomrudisha. Kijana na ajiulize: siku jeshi lile likitumwa juu ya nchi ya mama yangu, nitafanya nini?

Yesu alifundisha kwamba mwenye kujenga mnara hukaa kwanza akahesabu gharama, na mfalme huhesabu askari wake kabla ya kwenda vitani. Basi kazi yetu ni kumsaidia kijana kuhesabu. Wazee wa kanisa waketi naye pamoja na wazazi, na mke kama anaye. Waulize nani anaita, kwa sheria gani, kwa miaka mingapi, na nani atakula nini nyumbani wakati huo. Pesa isitoke kabla ya majibu kupatikana. Na sisi wachungaji tusitoe barua ya mapendekezo kwa mtu wa katikati ambaye hatumjui.

Yule kijana alikuja. Tulisoma naye masharti moja kwa moja, mpaka alipofika mahali panaposema kuandikishwa ni bure. Akanyamaza muda mrefu. Mtu aliyepokea ile nusu ya kwanza hajibu simu tena. Kijana bado anatamani uaskari, nasi hatukumkataza. Lakini bahasha ya mama haikutoka, na msimu huu shamba lingine limekodiwa kwa pesa ile. Yeye na mama wanalima pamoja, huku akiendelea kuhesabu.

Bwana awalinde vijana wetu, walio hapa na walio mbali.