Fundi wa Tabo Yuko Upande Gani wa Mpaka?

Kijana wa Sop Sop mwenye Subaru Forester ya tabo (turbo), aliyebadilisha bomba la moshi na kufunga intakula (kipoza hewa) kubwa, hakosi fundi wa spana. Kuanzia Tororo hadi Malaba, na kule Busia, kwenye mpaka wa Uganda na Kenya, gereji ni tele. Uchumi wa hapa unabebwa na malori, na penye foleni ya malori pana mtu wa kuchomelea chochote. Anachokosa ni mtu wa kuifungua kompyuta ya injini na kuieleza kwamba hewa imeongezeka, hivyo kiasi cha petroli na wakati wa cheche vibadilike.

Wateja wapo. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, ilhali sheria ya Uganda ya 2018 iliweka kikomo cha miaka 15. Gari la Japani ambalo Kenya ingelikataa kwa uzee bado linaweza kupewa namba Kampala, na baadhi ya magari hayo yana tabo.

Kwa kuwa fundi wa kompyuta hapatikani hapa, wengi hutafuta fundi wa mbali: Nairobi, Dubai, hata Uingereza. Utaratibu wenyewe si mgumu. Kwa Subaru na Mitsubishi nyingi kuna programu za bure, RomRaider na EcuFlash, na kebo ya OpenPort ya kampuni ya Tactrix. Unaendesha gari kwa nguvu zote huku laptopu ikirekodi, unatuma rekodi, fundi anarudisha ramani mpya (majedwali ya petroli na cheche), unarudia mpaka aridhike. (Barabara ya Malaba utaikanyagia wapi kwa nguvu zote? Labda alfajiri ya Jumapili, na hata hapo kuna matrela.) Kebo bandia ni rahisi kupatikana, lakini ikikatika katikati ya kuandika ramani, kompyuta inaweza kufa papo hapo. Betri dhaifu huleta hasara ileile.

Wengine hulipeleka gari Nairobi, zaidi ya kilomita 400, likapimwe kwenye daino, mashine ya kupima nguvu za injini. Wanarudi na karatasi ya kuonyesha wenzao, na hapo ndipo mimi huwa na shaka. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya bahari. Tororo na Busia ziko karibu mita 1,200, na hewa ya huku ni nzito zaidi. Springi inayozuia presha ya tabo hupima tofauti tu kati ya presha hiyo na hewa ya nje. Geji ikisoma namba ileile, hewa halisi inayoingia kwenye silinda ni nyingi kuliko ya Nairobi. Injini basi huingia kwenye visanduku vya ramani ambavyo daino haikuwahi kuvifikia, vilivyojazwa kwa makisio. Ongeza joto la mchana, ongeza na suala la petroli. Subaru nyingi za tabo za soko la Japani zilipangiwa petroli ya okteni karibu 100, na ya pampu zetu haifiki hapo. Ya dumu la magendo, ikiwa imechanganywa na mafuta ya taa, iko chini zaidi. Matokeo ni noki, yaani petroli kujilipukia yenyewe ndani ya silinda, na noki hupasua pistoni.

Pengo la soko hili, kwa maoni yangu, liko kwenye vipimo. Fundi wa mbali anaona kile tu anachotumiwa. Fundi wa mpakani mwenye kebo halali, sensa pana ya oksijeni na geji ya kompresheni angeweza kutoza kwa kila rekodi, na angemzuia mteja kununua ramani kwa injini iliyokwisha. Magari ya tabo peke yake hayalipi kodi ya banda. Lakini laptopu hufuta pia taa ya injini ya Probox na Wish, na hizo hazikosekani Busia asubuhi yoyote.

Kabla ya kutuma pesa kwa simu, muulize fundi wa mbali mambo mawili: kama amewahi kupanga gari linaloishi karibu mita 1,200 juu ya bahari kwa petroli ya pampu za huku, na kama bei yake inahesabu marekebisho baada ya rekodi ya kwanza. Anayeahidi kumaliza kwa faili moja, bila kuomba rekodi, anauza ramani ya gari la mtu mwingine.