Austin: Mji wa Nyimbo Uliojengwa Juu ya Nyayo za Askari

Wahenga walinena, tembea uone. Tulipotua Austin, makao makuu ya jimbo la Texas nchini Marekani, sauti ya kwanza kutupokea ilikuwa ya gitaa. Ndani ya kiwanja cha ndege, kando ya abiria na mizigo yao, wanamuziki walikuwa jukwaani wakipiga ala zao mchana kweupe, wala hapana mwenyeji aliyewashangaa. Mwaka 1991 halmashauri ya Austin iliutangaza mji wake kuwa mji mkuu wa dunia wa muziki upigwao mbele ya watu, nasi tulitambua papo hapo kwamba jina hilo halikutolewa kwa mzaha.

Lakini, ndugu askari, kiwanja hicho kina habari ikuhusuyo. Tangu mwaka 1942 pahali hapo palikuwa kambi ya ndege za kivita. Kambi ilipewa jina la Kapteni John Bergstrom, mwenyeji wa Austin aliyeuawa Ufilipino mwezi Desemba 1941, Wajapani waliposhambulia. Kambi ilifungwa mwaka 1993, na mwaka 1999 ikafunguliwa kuwa kiwanja cha ndege za abiria. Bunduki ziliondoka, lakini jina la marehemu likabaki: hata leo kiwanja chaitwa Austin-Bergstrom.

GHALA LAGEUKA UKUMBI

Jambo kama hilo lilikwisha kutokea zamani zaidi. Mwaka 1970 vijana wa mji walichukua jengo kuukuu lililokuwa ghala na bohari ya askari wa akiba wa jimbo, wakaligeuza kuwa ukumbi wa muziki. Waliuita Armadillo World Headquarters, yaani Makao Makuu ya Dunia ya armadillo, mnyama wa magamba magumu afananaye na kakakuona wetu.

Zama hizo Wamarekani walikuwa wamegawanyika kwa ajili ya vita vya Vietnam. Vijana wenye nywele ndefu na wafugaji wa ng'ombe wenye kofia pana hawakupikika chungu kimoja. Mwaka 1972 Willie Nelson, mwimbaji ambaye mwaka 1950 alitumika kwa miezi michache katika jeshi la anga, alipanda jukwaa la ukumbi huo. Pande zote mbili zilikuja kumsikiliza, zikakaa chini ya dari moja. Ukumbi ulifungwa usiku wa kuamkia mwaka 1981, kisha ukabomolewa, lakini desturi yake ingali hai katika vilabu vya muziki vya mji mzima.

MAJI NA MITI

Watu wa Austin hawapendi kujifungia ndani. Katikati ya mji mto Colorado umezuiwa kwa bwawa tangu mwaka 1960, ukafanya ziwa jembamba. Mwaka 2007 ziwa hilo liliitwa Lady Bird, kwa heshima ya mke wa Rais Lyndon Johnson, aliyesimamia upandaji wa miti na maua ukingoni mwake. Mashua za mitambo kwa kawaida haziruhusiwi humo. Watu hupiga makasia, na wengine hukimbia katika njia ya miguu yenye urefu wa kilometa kumi na sita hivi. Karibu na hapo, katika bustani ya Zilker, ipo chemchemi ya Barton, ambayo maji yake hukaa kwenye nyuzi ishirini hivi, kiangazi na kipupwe. Tulioga humo, tukatetemeka, tukacheka.

MNARA

Hata hivyo mji huu wa starehe una kovu lake. Tarehe 1 Agosti 1966, Charles Whitman, aliyewahi kuwa askari wa kikosi cha Marine, alipanda na bunduki zake hadi baraza ya juu ya mnara wa Chuo Kikuu cha Texas, akawafyatulia risasi wapita njia kwa dakika 96. Watu zaidi ya kumi waliuawa. Polisi wa siku zile hawakuwa na kikosi maalum cha kukabili balaa kama hilo. Mwishowe askari polisi Ramiro Martinez na Houston McCoy walipanda juu, pamoja na raia mmoja aliyejitolea, na askari hao wakampiga risasi akafa. Tukio hilo ni miongoni mwa mambo yaliyozifanya idara za polisi za Marekani kuunda vikosi maalum.

Jioni yetu ya mwisho tulikwenda kwenye daraja la Congress Avenue. Chini yake hukaa popo wapatao milioni moja na nusu wakati wa kiangazi, na jua likitua huruka kwa pamoja kwenda kuwinda wadudu, mfano wa moshi wa tanuru. Wazazi na watoto walikuwa wameketi majanini, nyuso juu, vidole angani. Palikuwa na askari polisi mmoja tu. Alisimama kimya, amewapa popo mgongo, macho yake kwa watu. Katika umati ule wote, yeye peke yake hakutazama ajabu ile. Nasi twaamini kwamba kwa sababu hiyo wengine wote waliweza kuitazama.